Mtoto anakua, karatasi zinakufa: Korona na watoto wa kuasili waliokwama China

"Kwani walishindwa nini kumpandisha mtoto ndege na mtu wa kumsindikiza, akapokelewe hukohuko?"

Shemeji yangu aliniuliza hivyo Septemba 2024, ilipotoka habari kwamba China haitoi tena watoto wake kuasiliwa na wageni. Habari ilihusu mamia ya familia, nyingi za Marekani, zilizokwisha kuonyeshwa mtoto, zikamkubali, zikatumiwa picha na taarifa zake za afya, kisha Korona ikaingia. Wengine walingoja karibu miaka mitano, halafu wakaambiwa basi. Shemeji ni wakala wa forodha bandarini Dar es Salaam. Kwake yeye, kila kilichokwama kimekwama kwa sababu ya karatasi fulani. Itafute, ilipie, igongwe muhuri, mzigo utoke.

Mtoto si kontena, na hilo analijua. Ila kwa namna anavyofikiri hakuwa mbali na jibu. Mtoto anayeasiliwa na watu wa nchi nyingine anasafiri juu ya karatasi tangu siku ya kwanza. Tatizo la karatasi hizi ni kwamba zina tarehe ya kufa, na zinaweza kufa zikiwa mkononi mwako. Na huyo anayengojewa naye haachi kukua.

Serikali mbili, ndiyo mbili

Msingi wa mambo haya ni Mkataba wa The Hague wa Mei 1993, ulioanza kutumika 1995. Uliandikwa wakati Romania ingali kwenye kumbukumbu za watu: dikteta wake, Ceaușescu, alipoangushwa Desemba 1989, wageni walimiminika kwenye vituo vya yatima, na haikuchukua muda watoto wakawa na bei. Ndiyo maana mkataba ule una breki kila kona. Mtoto atafutiwe kwanza malezi nchini mwake; akikosa, ndipo nje ifikiriwe. Serikali ya anakotoka na serikali ya anakokwenda zote ziseme ndiyo kabla hajakabidhiwa. Na anayetaka kuasili asikutane na wenye mtoto wakapatana wenyewe kwa wenyewe kabla masharti hayajatimia. Kenya, Rwanda na Burundi zimo kwenye mkataba huo. Tanzania na Uganda hazimo. China imo tangu Januari 2006, Marekani tangu Aprili 2008.

Kwa hiyo hata wakati wa amani shughuli hii ni ya mwaka, miwili, pengine zaidi, na sehemu kubwa ya ugoigoi huo umewekwa makusudi. Mimi siulaumu. Anayedhani ni urasimu mtupu akumbuke jimbo la Hunan, China, mwaka 2005, polisi walipogundua vituo vya yatima vinavyonunua watoto wachanga kutoka kwa walanguzi na kuwaingiza kwenye orodha ya kuasiliwa. Kila muhuri kwenye faili una kisa chake.

Sasa tuchukue mfano wa siku za kabla ya Korona, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa: mke na mume wa jimbo la Ohio, Marekani, na mtoto wa kiume wa miaka mitatu katika kituo cha jimbo la Henan, aliyezaliwa na mdomo sungura.

Afisa ustawi wa jamii anafika nyumbani kwa wale wawili mara kadhaa. Anatazama vyumba, anauliza mshahara, ndoa, maradhi, hata wao walilelewaje na waliadhibiwaje utotoni. Taarifa yake inapelekwa idara ya uhamiaji ya Marekani pamoja na fomu iitwayo I-800A na alama za vidole. Wakikubaliwa, wanapewa idhini ya miezi 15. Iweke akilini namba hiyo. Kisha linakusanywa faili la kwenda China: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, barua ya mwajiri, ya daktari, ya polisi. Kila kimoja kinathibitishwa na wakili, kinagongwa muhuri wa jimbo, kinagongwa tena na ubalozi wa China, kinatafsiriwa, ndipo kinakwenda Beijing kwenye kituo cha taifa cha ustawi na kuasili watoto, kinachojulikana kwa herufi CCCWA.

Beijing inawatafutia mtoto anayelingana nao. Wanatumiwa faili lake: picha, urefu, uzito, vipimo vya damu, sentensi mbili tatu za mlezi kuhusu anachopenda kuchezea. Wanamkubali, na Beijing inaandika barua ya kuthibitisha. Wanarudi uhamiaji na fomu ya pili, I-800, safari hii kwa jina la mtoto huyu na si mwingine. Ubalozi mdogo wa Marekani ulioko Guangzhou unaieleza China kwamba kwa upande wao hakuna pingamizi. Baada ya yote hayo Beijing inatoa karatasi ya mwisho: kibali cha kusafiri kwenda kumchukua.

Na mpaka hapo mtoto bado si wao, hata kwa robo. Kwa sheria ya China, kuasili kunakamilika siku ya kuandikishwa katika ofisi ya mambo ya kiraia ya jimbo anakoishi mtoto, na mgeni sharti aje mwenyewe. Wakiwa mke na mume, mmoja anaweza kubaki akampa mwenzake hati ya uwakilishi iliyothibitishwa, lakini lazima mmoja asimame pale mbele ya karani. Baada ya cheti cha kuasili ndipo mtoto anaombewa pasipoti. Akiwa na pasipoti anapelekwa Guangzhou, anapimwa afya, anapewa viza ya uhamiaji, anapanda ndege.

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa shemeji. Huyo wa kumsindikiza angeonyesha pasipoti gani uwanja wa ndege? Mtoto hakuwa nayo, asingeipata kabla hajaasiliwa, na asingeasiliwa kabla mgeni hajaingia China kwa miguu yake.

Wakati mambo yalipokuwa yanakwenda, Guangzhou ndiyo ilikuwa kituo cha mwisho cha kila familia ya Kimarekani. Kwa miaka mingi ubalozi mdogo ulikuwa kwenye kisiwa cha Shamian, na jirani yake kuna hoteli ya White Swan. Sebule yake ilijaa vigari vya watoto kiasi kwamba ilizoeleka kuwapiga watoto picha ya pamoja kwenye sofa zake nyekundu, wamevishwa hariri, nusu yao wanalia. Hoteli iliwagawia wazazi mwanasesere wa Barbie aliyetengenezwa mahususi, mama wa kizungu amebeba mtoto wa Kichina. Wenye kuona mbali wanaweza kusema mengi juu ya mwanasesere yule, nami nisingewabishia. Ninachotaka uone ni wingi: mwaka 2005 pekee watoto 7,903 walitoka China kwenda Marekani, wote kupitia mji huo mmoja.

Kiungo kilichokatika

Wuhan ilifungwa 23 Januari 2020. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Februari, Marekani ikazuia wageni waliotoka China kuingia. Wengi wanadhani watoto walikwama hapo, lakini zuio lile liliwaachia mlango watoto wa raia wa Marekani na wale wanaokwenda kuasiliwa. Machi ndiyo ilikuwa mbaya. Tarehe 18 ofisi za uhamiaji za Marekani zilifunga huduma za ana kwa ana, kwa hiyo hakuna wa kuchukua alama za vidole. Tarehe 20 balozi zake kote duniani zikasimamisha viza za kawaida. Na tarehe 28 China ikafunga mipaka hata kwa mgeni mwenye viza halali mfukoni.

Viungo vingine vyote vya mnyororo vilipata tiba baada ya muda. Afisa ustawi aliweza kuongea na familia kwa video. Ofisi za alama za vidole zilifunguliwa tena. Viza za watoto walioasiliwa zilipewa kipaumbele. Lakini sharti la kusimama mbele ya karani wa jimbo halikuwa na njia ya video, na mpaka wa China haukufunguliwa kikamilifu hadi 8 Januari 2023. Karibu miaka mitatu. Vituo vya watoto navyo vilifungiwa wageni tangu mwanzo wa mlipuko, kwa sababu mtoto mwenye moyo mbovu akipata kifua ndani ya bweni la watoto arobaini, ni msiba. Sababu iliyotolewa na China kwa kusimamisha shughuli nzima ilikuwa afya na usalama wa watoto, na mwaka 2020 isingekuwa rahisi kuibishia.

Wakati mpaka umefungwa, saa za karatasi hazikufungwa. Rudi kwa wale wawili wa Ohio. Tuseme idhini yao ya miezi 15 ilitolewa mapema 2019, ambayo kwa siku za kawaida ingewatosha. Ikaisha 2020. Wakaomba kuongezewa: taarifa mpya ya ustawi wa jamii, vidole vipya, ada. Ikaisha tena 2021. Tena 2022. Katikati ya hapo mume amebadili kazi: taarifa irekebishwe. Wamehama nyumba: irekebishwe. Bibi mzaa baba amehamia kwao baada ya kufiwa: naye ni mtu mzima anayeishi ndani ya nyumba, achunguzwe. Shemeji aliposikia hapo alicheka kwa uchungu. Bandarini kontena likichelewa unalipa gharama za kuhifadhi kila siku, na mzigo wenyewe unauona kwa macho uko palepale. Hawa walikuwa wanalipia kubaki kwenye foleni, basi.

Saa ya pili ilikuwa mwilini mwa mtoto. Tangu miaka ya 2000 ikielekea ukingoni, watoto waliokuwa wakitolewa na China walikuwa kwa sehemu kubwa wenye mahitaji ya tiba: moyo, uti wa mgongo, mdomo sungura, ulemavu wa kuona au kusikia. Wasichana wachanga wenye afya, ambao ndio picha iliyobaki vichwani mwa watu, walikwisha kupungua sana. Kaakaa lililopasuka kwa kawaida hufungwa kabla mtoto hajafikisha mwaka na nusu ili aseme vizuri. Wengi walifanyiwa upasuaji hukohuko China. Lakini baada ya kushonwa kuna kazi ya miaka ya kufundishwa kutamka, na hiyo ni kazi ya mtu mmoja na mtoto mmoja, saa kwa saa, mbele ya kioo. Bweni halina mtu huyo.

Saa ya tatu ni ya umri, na ilikuwa na kichekesho chake. Hadi mwisho wa 2020 sheria ya China ilimruhusu kuasiliwa mtoto aliye chini ya miaka 14. Akitimiza 14, jina lake linatoka kwenye orodha. Tarehe 1 Januari 2021 Kanuni mpya ya Sheria za Kiraia ikaanza kutumika na kupandisha kikomo hadi chini ya miaka 18. Kwa hiyo katikati ya janga China ilipanua mlango ambao haikuwa inauruhusu kupitwa. Kwa upande wa Marekani ombi la mtoto lilipaswa liwe limewasilishwa kabla hajafikisha miaka 16, na hilo halikubadilika.

Hesabu za Marekani, ambayo mwaka wake wa fedha huishia Septemba, zinaonyesha wazi lilipopigwa rungu. Mwaka 2019 watoto walioasiliwa kutoka nje walikuwa 2,971. Mwaka 2020 walikuwa 1,622, na 2021 wakapanda kidogo hadi 1,785. Kutoka China: 819 mwaka 2019, 202 mwaka 2020, kisha sifuri. Mwaka 2022 sifuri tena. Yaani nchi nyingine zilipata namna ya kuendelea, na jumla ikajiinua. Kolombia, ambako wazazi hukaa wiki kadhaa kungoja hukumu ya mahakama, ilifungua anga Septemba 2020 na familia zikaanza kwenda tena. Virusi ni vilevile kila mahali. Kilichotofautisha nchi na nchi ni mahali ulipowekwa ule ulazima wa mtu kuwepo.

Jambo hilo huku kwetu tunaweza kulielewa upesi. Sheria ya Uganda ya 2016 inamtaka mgeni akae nchini na kumlea mtoto kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya mahakama kumpa amri ya kuasili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 ilimtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Wageni wengi huziona sheria hizi ngumu, na kweli ni ngumu. Ila Entebbe ilipofungwa kwa abiria kuanzia Machi hadi Oktoba 2020, mzazi aliyekuwa katikati ya mwaka wake Kampala alikwama pamoja na mtoto, nyumba moja, sahani moja. Wa Ohio alikwama na picha.

Na Kongo iliwahi kutuonyesha mkwamo kama huu bila ugonjwa wowote. Septemba 2013 idara ya uhamiaji ya Kinshasa ilisimamisha barua za ruhusa ya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Wale walikuwa wameasiliwa tayari: mahakama imeamua, hukumu imeandikwa, wengine wana viza. Kilichokosekana ni barua moja ya kuvuka mpaka. Mei 2014 ndege ya serikali ya Italia ilitua Roma na watoto 31, waziri Maria Elena Boschi akiwa ndani yake, baada ya mazungumzo ya ngazi za juu. Wengine, wa Marekani na Ufaransa na kwingineko, waliendelea kungoja hadi 2016. Barua inayotolewa kwa hiari ya mkubwa inaweza kutolewa kwa simu ya mkubwa mwenzake. Ndiyo faida yake na ndiyo ubaya wake.

Mlango uliokuwa unafungwa tangu zamani

Hapa ndipo mimi natofautiana na wengi wanaosema Korona ndiyo iliyoua mpango wa China. Korona iliukuta kitandani. China ilifungulia wageni kwa sheria iliyoanza Aprili 1992, wakati sera ya mtoto mmoja imekaza na vituo vimefurika wasichana walioachwa vichochoroni na milangoni mwa ofisi. Kuanzia hapo zaidi ya watoto 160,000 walikwenda nje duniani kote, na zaidi ya nusu yao Marekani. Lakini sera ile ilikoma 2016, familia zikaruhusiwa watoto wawili, na 2021 watatu. Mwaka 2022 idadi ya watu wa China ikapungua kwa mara ya kwanza baada ya miongo sita. Nchi inayowabembeleza wananchi wake wazae haiwezi kuendelea kusafirisha watoto bila kujikwaa kwenye maneno yake yenyewe. Kutoka 7,903 mwaka 2005 hadi 819 mwaka 2019 ni anguko la asilimia 90 kabla mtu yeyote hajavaa barakoa.

Haikuwa China peke yake. Uholanzi ilisimamisha kuasili watoto wa nje Februari 2021 baada ya tume ya uchunguzi kukuta udanganyifu wa miongo mingi kwenye nyaraka za watoto. Ethiopia ilikwisha kupiga marufuku Januari 2018. Kenya ilisimamisha tangu Novemba 2014. Upepo ulikuwa umegeuka.

Kilichofanywa na janga ni kuipa China muda wa kutosema kitu. Mpango ambao ungefungwa kwa tangazo, kwa tarehe, kwa utaratibu wa kuwamalizia waliokwisha kuanza, ulifungwa kwa kunyamaza. Kila familia ilipouliza iliambiwa shughuli zimesimama kwa sababu ya mlipuko. Na sababu ya mlipuko haina mwisho unaojulikana, kwa hiyo watu waliendelea kulipia vidole. Ningekuwa na lawama moja tu ya kutoa katika habari nzima, ningeitoa hapo, na si kwenye uamuzi wenyewe wa kufunga.

Mpaka ulipofunguliwa Januari 2023, Beijing iliwashughulikia wale tu waliokuwa wamekwisha kupewa kibali cha kusafiri kabla ya shughuli kusimama. Mwaka ule wa fedha watoto 16 walitoka China kwenda Marekani. Kumi na sita.

Tarehe 5 Septemba 2024 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, Mao Ning, akasema hadharani kwamba China haitapeleka tena watoto kuasiliwa nje, isipokuwa mgeni anayeasili mtoto wa ndugu yake wa damu wa karibu au mtoto wa kambo. Marekani ikauliza kuhusu waliokwisha kulinganishwa na watoto. Jibu likawa kwamba hakuna faili litakaloendelea, liwe limefika hatua gani, isipokuwa yale ya ndugu na watoto wa kambo. Wabunge wa Marekani wa vyama vyote viwili waliandika barua kuomba waliobaki wamaliziwe.

Kisheria, waliobaki hawakuwa na kitu cha kudai. Kulinganishwa si kuasili. Barua ya kuthibitisha ni makubaliano ya serikali kuhusu mpango, na mpango ukifutwa barua inafutika nao. Mtoto anabaki chini ya dola; anaweza kuasiliwa na familia ya Kichina, na akikosa atakaa kituoni hadi awe mtu mzima. Yule wa Henan kwenye mfano wetu, aliyekuwa na miaka mitatu mwishoni mwa 2019, siku ya tangazo alikuwa anakaribia minane.

"Kwa hiyo walikosa karatasi moja," shemeji akasema.

Moja, nikamwambia. Ya mwisho.

Akanyamaza kidogo, akauliza ni nani aliyemwambia mtoto. Nilimweleza ninachokijua. Familia ikishakubaliwa, ilikuwa ikituma kituoni kifurushi kidogo: nguo, peremende, na albamu ya plastiki isiyochanika. Ndani kuna picha ya nyumba, ya kitanda, ya mbwa, ya mwanamke na mwanamume wanaocheka, na chini ya kila uso limeandikwa kwa Kichina: Mama, Baba. Walezi walikuwa wakiwasomea watoto albamu hizo jioni ili wasije wakaogopa sura siku ya kukutana.

Za kundi hili zilitumwa 2019.